"Atakua tu": maneno mawili yanayowaibia watoto wetu



Wapendwa waamini wa parokia yetu, nanyi wana wa Tandahimba mliotawanyika Mtwara, Dar es Salaam na kwingineko ambao husoma tafakari hizi kila wiki, juma hili nina ugomvi, na ni afadhali niutaje mapema ili asiyependa ugomvi aachie hapa. Ugomvi wangu si na serikali wala si na madhehebu jirani. Ni na maneno mawili yanayosemwa kwa upole, mara nyingi na watu wenye nia njema kabisa: "Atakua tu."

Mtoto ana miezi minane, shingo bado inalegea kama ya mtoto wa juzi: atakua tu. Ana miaka miwili, hajasimama: hata mjomba wake alichelewa, na leo anaendesha pikipiki. Ana miaka mitatu, hatamki neno wala hageuki akiitwa: mwacheni, huyo ni mpole, atakua tu. Na kweli hukua. Hurefuka, huwa mzito, hata mama hawezi tena kumbeba mgongoni kwenda naye shamba, na hapo ndipo ukoo mzima hugutuka na kuuliza hospitali iko wapi.

Sisemi kwamba kila anayechelewa ana ulemavu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Watoto hao walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9 hivi, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18 hivi. Mwanya huo ni mpana, na ndani yake bibi ana haki kamili ya kusema "subirini". Lakini mwanya una mwisho. Aliyepita miezi 9 hajakaa, aliyepita mwaka mmoja na nusu hajatembea, asiyeshtuka kwa sauti, asiyemtazama mama yake usoni, au aliyekwisha kujua jambo kisha akalipoteza, huyo hasubiriwi. Huyo anapelekwa. Kama ni bure, mmepoteza nauli ya siku moja. Kama si bure, mmeokoa miaka.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu Mungu, katika hekima yake, aliuumba ubongo wa mtoto ukue kwa kasi katika miaka mitatu ya kwanza kuliko wakati wowote mwingine baada ya kuzaliwa. Njia zinazotumika kila siku huimarika, zisizotumika hufifia. Mtoto ambaye ubongo wake ulijeruhiwa, pengine kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa umanjano mkali wa siku za kwanza, kwa malaria iliyopanda kichwani au kwa homa ya uti wa mgongo, bado ana sehemu nzima zinazoweza kujifunza, na hujifunza kwa wepesi zaidi angali mdogo. Mwili nao hausubiri. Mwenye mtindio wa ubongo anayelazwa chali mkekani kutwa nzima, misuli yake hukaza, viungo hujikunja, nyonga hutoka mahali pake. Anayelishwa amelala hupaliwa, uji huingia mapafuni, na baadaye tunaambiwa amekufa kwa kichomi. Aliyezaliwa na mguu kifundo, akipelekwa katika majuma ya kwanza, hufungwa plasta inayobadilishwa kila juma, na mara nyingi baada ya miezi miwili hivi unyayo umekaa sawa, ingawa ataendelea kuvaa viatu maalumu usiku kwa miaka kadhaa. Akipelekwa ana miaka kumi, kazi ni kubwa mara nyingi zaidi, na kisu hakikwepeki. Mwenye kichwa kikubwa kinachojaa maji, kila juma la kungoja linambana ubongo.

Sasa niwaulize ninyi wakulima wa korosho, maana katika jambo hili ninyi ni maprofesa. Ubwiriunga ukishuka juu ya maua mwezi wa sita au wa saba, ni nani kati yenu husema: "Mwacheni mkorosho, utakua tu"? Hakuna. Mtu hukopa, huuza mbuzi, huamka alfajiri umande ungali majani, akapuliza salfa. Mnajua kwamba ua lililokwisha kuungua halirudi, na kwamba salfa iliyoletwa mwezi wa kumi ni kama haikuletwa. Mkorosho mnauelewa. Mnaelewa kwamba kuna majira yake, na yakipita yamepita. Kisha mnaingia ndani ya nyumba, mnamkuta mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajakaa, mnasema tuone kwanza msimu ujao.

Na fedha ikiingia baada ya minada? Sina ugomvi na bati jipya. Pikipiki nayo ni kazi. Hata sherehe za jando na unyago ni mila ya wazee wetu, na mimi si miongoni mwa wanaozitukana. Nasema tu kwamba nyumba inayoweza kulisha wageni na wapiga ngoma kwa siku tatu haiwezi kusimama mbele ya Mungu ikasema ilikosa nauli ya kumpeleka mtoto mmoja Ndanda au Mtwara.

Nyuma ya "atakua tu" kuna neno jingine linalojificha, baya zaidi: "Mama yake alifanya nini?" Hapo ndipo penye sumu. Mama huulizwa alivunja mwiko gani, alitembea wapi, alilala na nani. Baba, akishaona hali, hukumbuka ghafla kwamba kwa desturi yetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, basi wajomba wahangaike. Desturi ile iliwekwa ili mtoto awe na watu wengi wa kumtunza, mama, wajomba na ukoo mzima. Haikuwekwa ili baba apate mlango wa kutokea. Ajabu ni kwamba mtoto yuleyule angekuwa wa kwanza darasani, baba angesema damu ni yake.

Someni Injili ya Yohane, sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Hakusema wametenda kidogo. Alikataa swali lenyewe, kisha akainama chini, akafanya tope, akaanza kazi. Mkristo anayemuuliza mama wa mtoto mlemavu amekosa nini anarudi kwenye swali ambalo Bwana wetu alikwisha kulifuta, na anafanya hivyo huku amevaa rozari shingoni.

Hatuko peke yetu. Huko pwani ya Kenya, Kilifi na jirani zake, watafiti waliwauliza wazazi na wahudumu chanzo cha usonji, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 majibu yalichanganya majini, uchawi na laana kwa upande mmoja, na matatizo ya uzazi, maradhi na utapiamlo kwa upande mwingine. Ndivyo ilivyo hata huku nyanda za juu za Makonde. Mtu yuleyule ana kadi ya kliniki mfukoni na hirizi kiunoni mwa mtoto. Waganga wanajua hivyo, na wanajua pia mwezi ambao malipo ya korosho hutoka.

Lakini nisiwapige waganga peke yao, maana ni rahisi mno kwa padre kuwapiga waganga. Ipo mikesha siku hizi, mingine ikiendeshwa na watu wanaojiita Wakatoliki, ambako mama huambiwa kwamba mtoto haponi kwa kuwa imani yake ni haba. Hurudi nyumbani na chupa ya maji ya upako na deni. Soma Marko sura ya 9. Baba analeta mwanawe anayeanguka na kutoka povu. Yesu, kabla ya kufanya lolote, anamuuliza baba yule jambo hili limempata mtoto tangu lini, na baba anajibu kwamba ni tangu utotoni. Swali hilo ni la mtu anayemjali mtoto, na ndilo swali la kwanza ambalo mganga mkuu wa zahanati atakuuliza. Yesu hakumfukuza baba yule ingawa alikiri mbele ya watu wote kwamba imani yake ilikuwa na mapungufu. Anayemfukuza mama kwa imani haba amejifunza wapi? Mwombeeni mtoto, naam, mpakeni mafuta akiwa mgonjwa, leteni nia za Misa. Na kesho yake asubuhi mpelekeni kwenye mazoezi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawataki kulisikia. Kila ninapolizungumza, mtu husimama na kusema: "Baba Paroko, tujengewe kituo." Kituo ni kizuri, kikija tutakibariki. Lakini kituo kitakapojengwa, mtoto wa leo atakuwa na ndevu. Tena hata kikiwapo, mtoto atakwenda pale saa moja kwa juma, na saa zilizobaki zote atakuwa nyumbani, mikononi mwa mama, bibi na kaka zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani. Basi ni shule ya nyumbani pia, na ni zahanati ya nyumbani. Kazi kubwa hufanyika hapo au haifanyiki kabisa.

Msidhani hayo ni maneno ya mimbari tu. Huko Jamaica, mwaka 1986 na 1987, watafiti walichukua watoto 129 wa mji wa Kingston waliokuwa wamedumaa, wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa kawaida wa mitaani. Hawakuleta mashine. Walimfundisha mama kucheza na mwanawe, kuzungumza naye, kumtajia vitu, kwa vinyago vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani. Miaka ishirini baadaye waliwatafuta tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Hao hawakuwa walemavu, nakubali. Walikuwa maskini waliodumaa. Lakini wenye ulemavu nao wamefikiwa kwa njia hiyo. Kilifi, familia za vijijini zilifundishwa nyumbani kwao jinsi ya kuzungumza na mtoto asiyetamka, kwa ishara, picha na vitu halisi: kikombe maana yake nina kiu, kanga maana yake tunatoka. Nchini Uganda na Rwanda ipo programu iitwayo Baby Ubuntu, ambamo walezi wa watoto wadogo wenye ulemavu hukutana kwa vikundi, na mmoja wa wanaowafundisha ni mzazi ambaye naye analea mtoto wa namna hiyo. Hakuna kati yao anayeahidi kwamba mtindio wa ubongo utaondoka. Hauondoki. Wanachotafuta ni kwamba mtoto ale bila kupaliwa, akae, acheke na wenzake, aombe maji anapokuwa na kiu. Mnaona hayo ni madogo? Muulizeni mama ambaye mwanawe hajawahi kumwomba maji.

Wataalamu nao wana la kusikia hapa. Mama wa kijiji cha nyanda hizi, ambako maji yamekuwa taabu tangu enzi za mababu, hutumia sehemu kubwa ya siku kwa ndoo. Ukimpa karatasi yenye mazoezi kumi na mawili ya kufanya mara tatu kwa siku, umempa mzigo, naye atauweka juu ya kabati. Mazoezi yanayofanyika ni yale yaliyomo ndani ya kazi ambazo angefanya vyovyote. Anapomwogesha, ataje mkono, ataje mguu, angoje mtoto anyanyue mwenyewe hata kwa kitambo. Anapomlisha, amketishe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, ampe kijiko kimoja na kungoja ameze. Anapombeba, amtanue miguu kiunoni au mgongoni kama mama zetu walivyobeba siku zote, maana kwa mtoto mwenye miguu inayokaza kama mkasi, kubebwa hivyo ni tiba. Anapopepeta, amlaze kifudifudi juu ya kanga iliyoviringishwa, mbele yake kitu cha kung'aa, ajifunze kuinua kichwa. Azungumze naye mfululizo, na azungumze Kimakonde kama ndiyo lugha anayoimudu; wapo wanaodhani mtoto aliyechelewa kusema asemeshwe Kiswahili tu, kana kwamba Mungu hasikii Kimakonde. Kichezeo ni chupa tupu yenye kokoto ndani, kizibo kimefungwa imara. Korosho ghafi msimpe kamwe, mafuta ya ganda lake huunguza mdomo.

Wazee wetu watakikumbuka kitabu cha David Werner, "Mahali Pasipo na Daktari", kilichosomwa sana na wahudumu wa afya wa vijijini. Mtu huyohuyo alitoa mwaka 1987 kitabu kingine juu ya watoto walemavu wa vijijini, kutokana na kazi yake na wanakijiji wa Mexico, kilichojaa michoro ya viti, fimbo na vyuma vya kujishikia vinavyotengenezwa kwa miti, kamba na mipira ya magurudumu. Niliposoma niliona haya kwa niaba yetu sote. Sisi ni Wamakonde! Vinyago vyetu vya mpingo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mkono unaoweza kuchonga watu ishirini waliobebana katika gogo moja unashindwaje kuchonga kiti kimoja cha pembeni, chenye mgongo wa kumshika mtoto asianguke? Fito mbili zilizolazwa juu ya nguzo nne uani, kimo cha kifua cha mtoto, ni mahali pa kujifunzia kutembea. Ni kazi ya mchana mmoja. Akina baba wa UWAKA, nawatazama ninyi.

Serikali nayo ilikwisha kusema. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inayomtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Kabla yake ilikuwapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Karatasi tunazo nyingi. Lakini karatasi haifiki kitongojini bila miguu, na Jumuiya Ndogondogo zina miguu. Tunajua nyumba ipi haijalipa zaka. Tutashindwaje kujua nyumba ipi ina mtoto ambaye hatoki nje?

Kanisa nalo lisijifiche. Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume "Amoris Laetitia" wa mwaka 2016, namba 47, alizisifu familia zinazompokea kwa upendo mtoto mwenye mahitaji maalumu. Sifa ni tamu, lakini kusifu msalaba wa jirani bila kuushika hata upande mmoja ni unafiki. Wapo makatekista wanaowaambia wazazi wangoje kwanza, ubatizo utafuata mtoto akichangamka. Huo ni upotovu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inawataka wazazi wabatizishe watoto wao katika majuma ya kwanza, wala haisemi "wale wanaoshika shingo". Na Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007 kwamba hata Ekaristi, kadiri inavyowezekana, ipewe watu wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kuimarishwa, kwa maana wanaipokea pia katika imani ya familia na jumuiya inayowasindikiza. Mtoto anayepiga kelele wakati wa mageuzo hanisumbui. Wanaonisumbua ni wale wanaogeuka kumtazama mama yake.

Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto ndio waliotuletea Injili upande huu kupitia Ndanda. Kati ya ndugu zao wa kale yumo Mwenye Heri Herman wa Reichenau, aliyezaliwa mwaka 1013 katika ukoo wa wakuu wa Swabia. Hakuweza kutembea bila msaada, na usemi wake ulieleweka kwa shida. Wazazi wake wangeweza kumficha katika chumba cha nyuma. Walimpeleka kwa wamonaki akiwa na miaka 7, nao hawakungoja akue, walimketisha, walimfundisha. Akawa bingwa wa hesabu, elimu ya nyota, muziki na historia, na mapokeo humhesabia hata "Salamu Malkia" tunayomalizia Rozari, ingawa wataalamu hawakubaliani wote. Si kila mtoto atakuwa Herman, kama ambavyo si kila mtoto mzima atakuwa padre. Hata hivyo, ni Herman wangapi wamelala chali katika vyumba vya nyuma hapa kwetu?

Kwa hiyo viongozi wa Jumuiya wanipatie, kabla minada haijaanza, idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano ambao hawajakaa, hawajatembea au hawajasema kwa wakati wake. Majina yabaki kwangu na kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Si ya kutangazwa. WAWATA wapange zamu ya ndoo mbili za maji kwa kila mama mwenye mtoto wa namna hiyo, siku ambayo yeye anakwenda hospitali. Vijana wenye bodaboda wachague siku moja kwa mwezi ya kumbeba bila malipo. Na mama mwenyewe asingoje zamu wala tangazo: aje ofisini siku yoyote na kadi ya kliniki ya mtoto, na mtoto akiwa mgongoni, pamoja na baba yake.